Sirari na Isebania: Linganisha Chakula kwa Kilo, Si kwa Macho

Mkazi wa Turwa, mjini Tarime, akifika Sirari anaweza kununua chakula katika nchi mbili kwa mwendo mfupi wa miguu: Sirari iko kwetu Tanzania, wilaya ya Tarime, na Isebania iko kaunti ya Migori, Kenya. Bei, vipimo na alama za ubora hutofautiana, hivyo kabla hujasema kule ni rahisi, zingatia haya.

Geuza fedha, kisha gawa kwa uzito

Kenya unga wa mahindi huuzwa sana kwa pakiti ya kilo 2, wakati kwetu wengi hupimiwa kwa kilo au hununua mfuko wa kilo 5, 10 au 25. Tuseme pakiti hiyo ni shilingi 160 za Kenya, na siku hiyo shilingi 1 yao ni 20 zetu. Ni shilingi 3,200, yaani 1,600 kwa kilo. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na ya Sirari, ukishaongeza nauli, kama ipo. Ukipimiwa kwa gorogoro, yaani kopo la bati, tazama kitako chake: kikiwa kimebonyezwa ndani, umepunjwa.

Soma pakiti

Bidhaa ya Tanzania itafute alama ya shirika la viwango, TBS, na ya Kenya alama ya shirika lao, KEBS. Angalia pia uzito, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo mara nyingi huandikwa EXP. Tarehe iliyofutwa au kubandikwa juu ya nyingine ni sababu tosha ya kuacha.

Kwa mahindi, hatari kubwa ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Haina rangi wala harufu ya kuitambulisha, na moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi. Kwa sababu yake, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Mahindi yenye ukungu usiyachukue hata kwa nusu bei.

Chakula cha kubeba

Iwe chipsi mayai za Sirari au githeri ya Isebania, ambayo kwetu ni makande, dai kitoke motoni. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 bila joto au ubaridi wa kutosha. Ukikipasha, kichemke hadi katikati. Nenda na hotpoti yako, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019.

Unapovuka

Pita kituo cha mpakani, siyo njia za panya. Onyesha ulichobeba na utunze risiti. Bila hiyo ni vigumu kudai haki yako kwa muuzaji.

Bei ndogo ni nafuu pale tu uzito umetimia na chakula ni salama. Kimoja kikikosekana, rudisha bidhaa, ubaki na fedha yako.