Haleluya ya Handel kwa ngoma na manyanga: mbinu kwa walimu wa kwaya Singida

Mwalimu wa kwaya anayesoma solfa anaijua Haleluya ya Handel. Mara nyingi huimbwa Krismasi au Pasaka, kwaya imesimama wima, macho kwenye karatasi. Hivyo ndivyo inavyopendeza ibadani. Lakini ukiandaa tamasha, una ruhusa ya kucheza nayo, na ruhusa hiyo ni ya zamani.

Haleluya haikuzaliwa kanisani. Handel alitunga Messiah, kazi ndefu yenye korasi hii, mwaka 1741, na watu wa Dublin waliisikia kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742 katika ukumbi wa muziki, kwenye onyesho la kuchangia wagonjwa na wafungwa wa madeni. Handel mwenyewe aliendelea kuzibadili nyimbo zake kulingana na waimbaji aliowapata. Mwaka 1789 Mozart akaiongezea vyombo vya kupuliza. Mwaka 1992 wanamuziki wa Marekani wakaitengenezea albamu nzima ya injili.

Singida nayo ina historia yake. Misheni ya Kilutheri ya Augustana ilianza kazi Iramba na Turu mwaka 1926, na mmoja wa wamisionari wake, Howard Olson, alifanya utafiti wa Kinyaturu kisha akakusanya nyimbo zenye lahani za Kiafrika katika kitabu Tumshangilie Mungu. Mkitia ngoma kwenye Haleluya, mnaendeleza kazi iliyokwisha kuanzwa.

1. Ijueni kwanza kama ilivyoandikwa

Mchezo mzuri hutoka kwa anayeujua wimbo. Fundisha kila sauti peke yake kwa solfa, kisha maneno, kisha wekeni karatasi chini. Kipimo ni hiki: zima kinanda, waimbe soprano na besi peke yao, halafu alto na tenori. Wakifika mwisho bila kuyumba, mko tayari.

Kama soprano wanapiga kelele kule juu, shusha doh kutoka D hadi C. Usione haya. Vikundi vingi vinavyopiga muziki wa enzi ile kwa vyombo vya kale huweka noti A kwenye Hz 415 badala ya 440, yaani karibu nusu toni chini ya kinanda chako.

2. Tambua nguzo, usiziguse

Wimbo huu una nguzo nne. Ya kwanza ni pale sauti zote zinapoungana kuimba lahani moja. Ya pili ni kupokezana: besi wanaanza, wanafuata tenori, kisha alto, mwisho soprano, kila sauti ikirudia lahani ya mwenzake. Ya tatu ni zile noti ndefu za juu zinazopanda ngazi kwa ngazi huku sauti nyingine zikijibu kwa haraka. Ya nne ni kimya cha ghafla karibu na mwisho, kabla ya Haleluya ya kufungia.

Kimya hicho ndicho huharibiwa zaidi na vyombo. Kiongozi wa ngoma aujue wimbo sawa na waimbaji, na mkono wake usimame pamoja na pumzi yao. Fanyeni mazoezi ya mapigo yale machache tu, tena na tena, mpaka manyanga yasisikike hata kwa bahati mbaya.

3. Badili kitu kimoja kwa kila sehemu

Anzeni kama alivyoandika Handel, bila ngoma, ili msikilizaji autambue wimbo. Kisha leteni mabadiliko ya mdundo. Mapigo ni manne. Ligawe kila pigo mara tatu badala ya mara mbili. Manyanga yahesabu tatu-tatu taratibu, waimbaji wapige makofi kwenye pigo lenyewe, kisha waimbe juu yake. Kwaya itaanza kuyumba mabega bila kuambiwa. Mkifika kwenye kupokezana, acheni mdundo ulivyo na ongezeni hatua tu: kila sauti isogee mbele inapoingia. Hadhira itaona kwa macho jinsi muziki ulivyojengwa.

4. Angalia maneno

Ukitaka kuingiza Kinyaturu, kumbuka kwamba lugha hiyo ina toni. Mwombe mzee ayatamke maneno polepole, usikilize sauti inapopanda na kushuka, kisha tafuta mahali ambapo lahani inaelekea hukohuko. Pasipopatana, maneno yabaki ya Kiswahili. Handel amefariki tangu 1759, kwa hiyo muziki wake ni huru; tafsiri unayotumia inaweza kuwa na mwenyewe, hivyo omba idhini.

5. Vipe vyombo nafasi yao

Wagogo wa Manyoni wana hazina kubwa: zeze, marimba, na ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake. Lakini noti za zeze na marimba zao hazifuati mpangilio wa kinanda, na vikipigwa pamoja vitagombana. Dawa yake ni zamu. Kabla ya zile noti ndefu za juu, kinanda kinyamaze, zeze na muheme vicheze peke yao kwa mizunguko michache, halafu soprano waingie kwa doh waliyopewa kimyakimya na mwalimu. Ngoma zikae nyuma ya besi, zisiwe mbele ya alto, maana hao ndio humezwa kwanza.

6. Panga wakati na watu

Baada ya mavuno ya alizeti na mtama watu wana nafasi ya mazoezi na ya kuhudhuria. Epuka Kwaresima, msimu ambao makanisa mengi huweka Haleluya kando. Mchungaji au padre asikie mazoezi mapema, na hadhira ielezwe kwa sentensi mbili kwamba huu ni mpangilio mpya wa kwaya yenu.

Mkiimudu Haleluya, jaribuni korasi inayofungua Christmas Oratorio ya Bach ya mwaka 1734. Bach aliichukua kutoka kwenye kazi yake ya kumsifu malkia siku ya kuzaliwa, akabadili maneno, ikawa wimbo wa Krismasi. Tena inaanza kwa ngoma peke yake. Wapigaji wa Manyoni hawatahitaji kutafutiwa nafasi humo; Bach ameshawapa.