Nafaka ya Ukungu Haitakaswi na Chungu cha Pombe

Mahindi yakishika ukungu ghalani, wengi hatuna moyo wa kuyatupa. Husemwa kwamba hayafai tena kwa ugali, basi yapelekwe kwenye busaa. Fikira hiyo ni ya hatari. Leo tutaeleza ni kwa nini, kisha tuone jinsi mwenye kipato kidogo anavyoweza kuhifadhi nafaka yake, iwe ya ugali, ya uji au ya kimea.

Sumu yenyewe

Baadhi ya kuvu zinazoota kwenye mahindi, njugu na mtama hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wataalamu waliigundua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka wa 1960 kwa kula chakula cha njugu zenye kuvu. Hapa Kenya, mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walipatikana Machakos na 12 kati yao wakafa. Mwaka wa 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, waliugua watu 317 na kufa 125. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu.

Sumu hii hushambulia ini. Anayekula nyingi kwa muda mfupi hutapika, tumbo humuuma na kuvimba, na macho hugeuka manjano. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kupata kansa ya ini, hasa akiwa na virusi vya hepatitisi B. Pombe nayo ni adui wa ini. Kwa hiyo mnywaji wa busaa ya nafaka mbovu hujidhuru mara mbili.

Je, moto hauiui? La. Kuchemsha, kukaanga na kuchachusha hakuiondoi. Kupeta na kuchagua punje mbovu hupunguza sumu, lakini hakuimalizi. Dawa ni kuzuia kuvu isiote.

Joto na maji

Chukua mfano wa kijiji cha Hewani, katika uwanda wa Mto Tana karibu na Garsen. Mto huo ndio unaorutubisha mashamba, na ndio unaoyafunika ukifurika, kama ilivyotokea katika mvua za El Niño za 1997 na tena mwishoni mwa 2023. Pale penye joto na unyevu, kuvu hustawi upesi. Nawe uliyeko Mombasa au Nairobi, unayeletewa gunia kutoka nyumbani, usidhani umeepukana na jambo hili: gunia lililolowa njiani huoza hata likiwa jikoni mwako.

Hatua nne za gharama ndogo

1. Kausha vizuri. Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu. Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5.

2. Pima kwa chumvi. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi thuluthi moja, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, bado ongeza siku moja ya jua kabla ya kufunga.

3. Funga hewa isiingie. Jerikeni safi la mafuta ya kupikia, likaushwe, lijazwe hadi mdomoni na kukazwa kifuniko. Wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa bila dawa. Kwa nafaka nyingi kuna mifuko ya PICS, yenye nailoni mbili ndani ya gunia, iliyobuniwa kwa ajili ya kunde za Kamerun miaka ya 1980. Usitumie chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu.

4. Inua. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Penye mafuriko, weka juu zaidi.

Kuhusu kimea

Nafaka ya kimea lazima iwe hai ili ichipue, kwa hiyo usiikaushe kwa moto. Ikishachipua, ianike ikauke upesi, kwani punje mbichi zenye joto ni makao ya kuvu. Ikinuka uvundo au kuota manyoya ya kijani au meusi, itupe. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa ya sumu: ni za kupanda tu.

Nafaka iliyooza usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Ichimbie. Na ukiona mtu macho yamekuwa manjano na tumbo limevimba, mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, ukieleza alichokula na alichokunywa. Hasara ya gunia moja hufidiwa msimu ujao. Ini likishaharibika kabisa halifidiwi.