UCHAGUZI WA TAIRI LA BEI NAFUU KWA GARI DOGO LENYE KASI

Gari dogo lenye injini ya nguvu humvutia mtu kwa wepesi wake. Lakini mwenye kulinunua aghalabu huwa amekwisha kutumia akiba yake yote kwa gari lenyewe, na siku matairi yanapokwisha hujikuta hana fedha za kutosha. Hapo huzuka swali: ni wapi panapofaa kubana matumizi, na ni wapi ambapo kubana matumizi ni kuhatarisha maisha? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa fizikia na hesabu nyepesi.

Mfano wetu utakuwa Suzuki Swift Sport iliyotengenezwa kati ya mwaka 2005 na 2010, yenye injini ya lita 1.6. Magari ya namna hii huletwa Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Kanuni tutakazozieleza, hata hivyo, zinahusu gari lolote dogo.

Gari husimama juu ya nini?

Tuchukue kwamba gari letu pamoja na watu wawili lina uzito wa kilo 1,200. Kwa wastani kila tairi hubeba kilo 300, yaani kani ya nyutoni 2,943 hivi. Tairi likiwa na upepo 32, kanieneo ndani yake ni karibu nyutoni 220,000 kwa kila meta mraba. Tukigawa kani kwa kanieneo tunapata eneo la mguso la sentimeta mraba 134, ambalo ni takribani sawa na kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kukimbia, kukata kona na kusimama kwa gari zima hutegemea viganja vinne hivyo tu.

Katika hesabu hii msomaji ataona kwamba upana wa tairi haukutajwa. Tairi pana haliongezi sana eneo la mguso. Hubadilisha zaidi umbo lake, likawa fupi kwa mbele na nyuma na refu kwa ubavuni. Umbo hilo husaidia gari kutii usukani katika kona kavu, lakini tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma njiani wakati wa mvua. Kwa hiyo anayelipa fedha nyingi ili apate upana tu huenda hanunui usalama.

Msuguano na umbali wa kusimama

Mpira hushika barabara kwa sababu hujipinda juu ya vijiwe vidogo vya lami, kisha hurudi katika umbo lake kwa kuchelewa kidogo. Katika kuchelewa huko nishati hupotea kuwa joto, na upotevu huo ndio sehemu kubwa ya msuguano juu ya barabara yenye maji. Ubora wa mchanganyiko wa mpira, basi, hauonekani kwa macho. Matairi mawili yenye umbo moja na weusi mmoja yaweza kutofautiana sana.

Tutazame tofauti hiyo kwa tarakimu. Umbali wa kusimama, tangu breki zinaposhika, ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya zao la kizigeu cha msuguano na mvutano wa dunia. Gari likienda kilometa 80 kwa saa, yaani meta 22.2 kwa sekunde, katika barabara iliyolowa:

Kizigeu kikiwa 0.7, gari husimama baada ya meta 36.
Kizigeu kikiwa 0.5, gari husimama baada ya meta 50.

Mtu atasema kwamba meta 14 si nyingi. Lakini na ajiulize: pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, la pili lina mwendo gani? Hesabu hutupa kilometa 43 kwa saa. Ikiwa mahali hapo pana mtoto anayevuka barabara, dereva wa kwanza atamsimamia mbele yake, na wa pili atamgonga kwa mwendo huo.

Kuelea juu ya maji

Mwaka 1963 watafiti wawili wa NASA, Walter Horne na Robert Dreher, walichapisha uchunguzi wao juu ya matairi yanayoelea juu ya maji. Waligundua kwamba mwendo wa kuanza kuelea hutegemea hasa upepo wa tairi, pale ambapo maji yana kina kuliko mifereji ya tairi. Kwa vipimo vyetu, mwendo huo katika kilometa kwa saa ni takribani 16.7 mara kipeuo cha pili cha upepo. Upepo ukiwa 32 tunapata kilometa 94; ukishuka hadi 24 tunapata kilometa 82. Kanuni hiyo ilitokana na matairi ya ndege, na kwa gari dogo yafaa kuchukuliwa kama makisio, lakini funzo lake ni thabiti: kujaza upepo ipasavyo ni kinga isiyogharimu fedha nyingi. Funzo la pili ni kwamba mifereji ikiwa na kina cha kutosha, maji hupata njia ya kutokea, na hatari hupungua. Tairi kipara halina njia hiyo.

Kusoma maandishi ya tairi

Gari letu hutumia tairi lenye alama 195/50 R16 84V. Maana yake ni kwamba upana ni milimeta 195, kimo cha ubavu ni asilimia 50 ya upana, na rimu ina kipenyo cha inchi 16. Namba 84 huonyesha kwamba tairi laweza kubeba kilo 500, na herufi V kwamba laweza kuhimili kilometa 240 kwa saa. Herufi H ni kilometa 210 na W ni 270. Mnunuzi asishuke chini ya namba na herufi zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kupanda juu ya hapo, aghalabu, ni kuongeza gharama bila faida.

Matairi mengi huwa pia na madaraja ya Kimarekani. Neno TREADWEAR hufuatwa na namba ya ustahimilivu: tairi la 400 hutazamiwa kudumu mara mbili ya lile la 200 katika jaribio lile lile. Neno TRACTION hufuatwa na AA, A, B au C, nayo ni daraja la kusimama juu ya lami na saruji iliyolowa. Mwenye gari jepesi lenye kasi asikubali chini ya A, hata kama namba ya ustahimilivu inamshawishi. Jina la kampuni maarufu laweza kuachwa. Daraja la mvua lisiachwe.

Mwisho ni umri. Baada ya herufi DOT na alama zinazofuata, tafuta tarakimu nne za mwisho. Kwa mfano, 1824 ni juma la 18 la mwaka 2024. Oksijeni na ozoni za hewani huukausha mpira na kuupasua hata kama tairi limewekwa ghalani tu, na joto huharakisha kazi hiyo. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka 6, na watengenezaji kadhaa wa matairi huiweka miaka 10 kuwa kikomo.

Je, tairi la mtumba ni nafuu?

Tairi jipya la gari dogo lina mifereji ya kina cha milimeta 8 hivi, na katika nchi nyingi kikomo cha sheria ni milimeta 1.6. Mnunuzi wa tairi jipya, basi, hununua milimeta 6.4 za kutumia. Tairi la mtumba lenye milimeta 4 lina 2.4 tu zilizobaki, yaani theluthi moja na zaidi kidogo. Ikiwa jipya ni shilingi 160,000, la mtumba halistahili kuzidi shilingi 60,000. Na tukiamua, kwa ajili ya masika, kutoshuka chini ya milimeta 3, tairi jipya lina milimeta 5 na la mtumba lina 1: thamani yake ni shilingi 32,000. Hapo hatujahesabu umri wala majeraha yaliyofichika ndani.

Kuna hatari nyingine. Baadhi ya matairi yatokayo Japani na Ulaya, yawe ya mtumba au yaliyokuja na gari, yalitengenezwa kwa ajili ya theluji. Mpira wake ni laini ili usigande katika baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hulegea, huisha upesi na hurefusha umbali wa kusimama. Yatambue kwa neno STUDLESS, au kwa mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Njia moja ya kupunguza gharama

Aghalabu tairi la inchi 15 huuzwa bei ndogo kuliko la inchi 16 la aina ile ile. Tairi la 195/50 R16 lina kipenyo cha milimeta 601, na la 195/55 R15 milimeta 596. Tofauti haifiki hata asilimia 1, hivyo spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kudhuru. Namba 85, ambayo ni ya kawaida kwa saizi hiyo, ni kilo 515, uwezo haupungui. Ubavu mrefu zaidi huikinga rimu na mashimo ya barabarani. Sharti ni moja: kabla ya kununua, fundi aijaribu rimu ndogo na kuhakikisha kwamba haigusi breki.

Mwenye uwezo wa kununua matairi mawili tu kwa sasa ayafunge nyuma, ijapokuwa injini huzungusha magurudumu ya mbele. Tairi la mbele likiteleza, gari huenda moja kwa moja na dereva huhisi katika usukani. La nyuma likiteleza, gari huzunguka kabla dereva hajatambua.

Muhtasari

Bana matumizi katika jina, upana, herufi ya kasi iliyozidi mahitaji na ukubwa wa rimu. Usibane katika daraja la mvua, umri, kina cha mifereji na upepo.

Mazoezi

1. Chora mstari wa chaki chini ya tairi na juu ya sakafu, sukuma gari mpaka mstari wa tairi urudi chini, kisha pima umbali. Linganisha na mzingo unaoupata kwa hesabu. Kwa nini kipimo ni kifupi kidogo?
2. Rudia hesabu ya kusimama kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa. Umbali umepungua mara ngapi?
3. Soma tarakimu nne za umri katika matairi yote ya gari lililo karibu nawe, pamoja na la akiba. Ni lipi ungelibadilisha kwanza?