Video Isiyofunguka na Faili Lisilofutika

Mtumiaji anaweza kumaliza bando lake lote kwa kupakua video moja, kisha akiigusa anakutana na skrini nyeusi. Akijaribu kuifuta ili apate nafasi, simu au kompyuta inamjibu kwamba haiwezekani. Hapo ndipo wengi hupata hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza: hupakua programu yoyote inayojitokeza na kuahidi kuifungua, au humkabidhi mtu wasiyemfahamu simu yenye fedha na picha za familia.

Katika somo hili tunaeleza kwamba faili la namna hiyo huwa na sababu chache zinazofahamika. Nyingi kati ya hizo mtumiaji anaweza kuzichunguza mwenyewe nyumbani, bila gharama, iwapo atafuata utaratibu.

1. Anza kwa kusoma ukubwa na jina la faili

Kabla ya kuligusa faili mara nyingine, soma taarifa zake. Kwenye simu, bonyeza jina la faili kwa muda, kisha chagua sehemu ya maelezo. Kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na uchague sifa za faili.

Tazama kwanza ukubwa. Filamu ya saa moja na nusu kwa kawaida huwa na mamia ya megabaiti au zaidi. Ukiona megabaiti 2 au 3 tu, ama faili limekatika njiani, ama halikuwa filamu tangu mwanzo. Wakati mwingine kilichohifadhiwa ni ukurasa wa intaneti wenye taarifa ya hitilafu, uliopewa jina la video.

Kisha soma herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina. Mafaili ya video huishia na mp4, mkv, avi, webm au 3gp. Yakiishia na crdownload au part, kivinjari hakijamaliza kupakua. Rudi kwenye orodha ya vipakuliwa na ujaribu kuendeleza kazi hiyo kabla ya kuianza upya. Yakiishia na zip au rar, hilo ni furushi linalopaswa kufunguliwa kwanza. Lakini yakiishia na exe, scr au apk, hiyo si video bali ni programu, hata kama kabla yake pameandikwa mp4. Kompyuta za Windows huficha herufi hizo za mwisho zisipoelekezwa vinginevyo. Kwa hiyo tunashauri uziruhusu zionekane kupitia mipangilio ya kuonyesha mafaili.

Wengi hujiuliza kwa nini video iliyobakiza sehemu ndogo tu kukamilika haifunguki kabisa. Katika mafaili mengi ya mp4, orodha inayoieleza programu mahali picha na sauti zilipo huandikwa mwishoni. Kipande hicho kikikosekana, mengine yote hayasomeki, mithili ya ghala lililojaa ambalo ufunguo wake umepotea.

2. Faili limekamilika, lakini halichezi

Herufi za mp4 au mkv hutaja kasha tu. Ndani ya kasha, picha na sauti zimebanwa kwa mbinu inayoitwa kodeki. Mbinu ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, inafahamika na simu na kompyuta nyingi. Mbinu ya HEVC, iliyotolewa mwaka 2013, na ile ya AV1, iliyotolewa mwaka 2018, hupunguza ukubwa wa faili, lakini vifaa vingi vya zamani havizielewi. Dalili yake ni kusikia sauti bila picha, au kuona picha bila sauti. Faili halijaharibika, kifaa hakijui kulisoma.

Dawa ya tatizo hili ni kutumia programu inayofahamu kodeki nyingi. Mojawapo ni VLC ya VideoLAN, chama kisicho cha kibiashara kilichopo Ufaransa, nayo hutolewa bure. Ichukue kwenye duka rasmi la programu la simu yako au kwenye tovuti ya chama hicho pekee. Ikiwa VLC nayo imeshindwa, na ukubwa wa faili haulingani na ule wa asili, lipakue upya ukiwa na mtandao imara.

Kumbuka pia kwamba video zinazohifadhiwa ndani ya huduma za kulipia, kama vile Netflix, hufungwa kwa siri na huchezwa ndani ya huduma hiyo tu. Kuzihamishia kwenye flashi hakutazifungua.

3. Video haina haja ya kukuomba usakinishe kitu

Hili ndilo fundisho kuu la somo hili. Ukifungua faili, nalo likakuelekeza kwenye ukurasa unaodai kwamba unahitaji kodeki maalumu au kichezeo kipya, funga ukurasa huo. Vivyo hivyo, ukipokea kwenye simu faili la apk linalojiita video ya harusi, ya ajali au ya mtu mashuhuri, usilifungue. Programu ya namna hiyo ikiruhusiwa kusoma ujumbe mfupi, inaweza kuziona namba za uthibitisho zinazotumwa na benki au na huduma ya fedha kwa simu.

Ikiwa umekwishaisakinisha, zima intaneti ya simu, iondoe programu hiyo, kisha ukitumia simu nyingine badili namba zako za siri na uwataarifu benki na mtoa huduma wako mara moja.

4. Faili linalokataa kufutika

Mara nyingi faili hukataa kufutika kwa sababu programu fulani bado inalishikilia: kichezeo kilichofungwa nusunusu, programu ya kupakulia inayoendelea na kazi, au hata dirisha la mafaili linalojaribu kutengeneza picha ndogo ya video iliyoharibika. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

a) Funga kichezeo na programu ya kupakulia. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili uone programu zinazoendelea, kisha uifunge inayohusika.

b) Zima kifaa na ukiwashe tena, kisha ufute faili kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

c) Tazama urefu wa jina. Windows hupata shida pale jina la faili pamoja na majina ya folda zake yanapozidi takriban herufi 260. Fupisha majina ya folda, kisha jaribu tena.

d) Ikiwa faili lipo kwenye kadi ya kumbukumbu iliyowekwa katika adapta, angalia kitufe kidogo cha pembeni. Kikiwa upande wa kufungia, hakuna kinachoweza kufutwa.

Ukifuta video na nafasi isiongezeke, huenda imehamia kwenye pipa la taka la kifaa. Limwage pipa hilo baada ya kuhakikisha kwamba halina kitu unachokihitaji.

5. Pale kosa linapokuwa la kadi

Kadi iliyochakaa inaweza kukubali kufuta faili, kisha ukiichomoa na kuirudisha, faili linaonekana tena. Kadi hiyo haiandikiki tena. Usiendelee kuisumbua, nakili picha na nyaraka zako mahali pengine haraka, kisha uiache.

Zipo pia kadi na flashi bandia zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 ilhali ndani yake mna nafasi ndogo zaidi. Mafaili ya mwanzo hufunguka vizuri, lakini yanayozidi nafasi halisi hubaki majina matupu. Ukinunua kadi mpya, ijaribu kabla ya kuiamini: programu za bure za H2testw na F3 huijaza kadi na kuhakiki kilichoandikwa. Fanya hivyo kadi ikiwa tupu.

6. Haki zako na tahadhari kwa fundi

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Dai risiti unaponunua kadi au flashi. Ukigundua kwamba ukubwa wake ni wa uongo, irudishe kwa muuzaji ukiwa na risiti na matokeo ya jaribio. Akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu isiyohusika na tatizo, na kaa karibu kazi inapofanyika. Usimtajie fundi namba ya siri ya fedha kwa sababu yoyote. Kufungua au kufuta video hakuihitaji.

Jipime

1. Umepokea faili lenye jina «harusi.mp4.apk». Je, ni video? Utafanya nini?

2. Video inatoa sauti bila picha. Sababu yake inaweza kuwa ipi?

3. Mafaili ya kwanza kwenye flashi mpya yanafunguka, ya mwisho hayafunguki. Utachunguza nini kabla ya kurudi dukani?