Mwendo wa barabara kuu: upunguzwe wapi, uachwe wapi

Kila basi linapogongana uso kwa uso na lori, ubishi ni uleule. Wapo wanaotaka mwendo upunguzwe nchi nzima, na wapo wanaosema tatizo ni madereva na ubovu wa barabara, si kilomita. Kila upande una sehemu ya ukweli. Kikomo cha mwendo kina maana pale tu kinapolingana na barabara yenyewe: nani anaitumia, na ni kitu gani kinayatenganisha magari yanayokutana.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Magari ya abiria na ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500, yaani mabasi ya mikoani na malori, hayaruhusiwi kuvuka 80 hata porini kusiko na nyumba. Kenya nayo imeweka 80 kwa magari ya abiria, na kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zililazimisha matatu na mabasi kufungwa vidhibiti mwendo. Ubishi mkubwa unaobaki ni wa magari madogo, ambayo nje ya miji huonekana yakikimbia 100, 120 na kuendelea.

Kilomita 20 kwenye breki

Chukua gari dogo lenye tairi na breki nzima, lami kavu, na dereva makini anayetumia sekunde moja kati ya kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, gari hilo husimama hivi:

- likiwa kwenye 50, baada ya mita 28 hivi;
- likiwa kwenye 80, mita 57;
- likiwa kwenye 100, mita 83;
- likiwa kwenye 120, mita 113.

Sasa ng'ombe aingie barabarani mita 57 mbele. Aliyekuwa kwenye 80 anasimama puani mwa ng'ombe. Aliyekuwa kwenye 100, akikanyaga breki kwa wepesi uleule, anamfikia akiwa bado na mwendo wa karibu 70. Aliyekuwa kwenye 120 anamgonga akiwa kwenye 100. Basi na lori lenye mzigo huhitaji nafasi kubwa zaidi, na mvua huongeza umbali kwa wote.

Usiku hesabu inakuwa ngumu zaidi. Taa za chini humulika vizuri mita 50 hivi, kwa hiyo anayekimbia 100 kwa taa hizo akiona kitu, tayari kiko karibu kuliko anapoweza kusimama. Hilo lina uzito zaidi tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku nchini Tanzania.

Mtafiti wa Uswidi, Göran Nilsson, alipima uhusiano huu barabarani. Kanuni iliyotokana na kazi yake, ambayo Shirika la Afya Duniani huitumia kueleza hatari, ni kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, ajali zenye vifo hupanda kwa asilimia 4 hivi. Wastani ukishuka, vifo navyo hushuka.

Muda unaopotea

Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Kwenye karatasi, anayekwenda 80 bila kusimama atachelewa karibu nusu saa nyuma ya anayekwenda 100. Lakini hakuna anayekwenda 100 mfululizo kwenye njia ile. Kuna matuta, mizani, foleni na malori, na aliyekupita kwa fujo Mlandizi utamkuta Chalinze yuko nyuma ya semi-trela akisubiri nafasi.

Kijijini hesabu ni ndogo zaidi. Kijiji chenye urefu wa kilomita 2 barabarani, ukikipita kwa 50 badala ya 80, unapoteza sekunde 54. Hata dakika moja haifiki.

Wapi kikomo kishuke, wapi kibaki

Wataalamu wa usalama barabarani huanza na mwili wa binadamu: unaweza kuhimili pigo la mwendo gani? Kutoka hapo hupatikana viwango vinavyotumika sana duniani.

Watembea kwa miguu, baiskeli na bodaboda wanapochanganyika na magari, mwendo salama ni 30. Azimio la Stockholm kuhusu usalama barabarani, la Februari 2020, lilitaka kiwango hicho katika maeneo ya namna hiyo. Kwenye makutano ambako gari laweza kupigwa ubavuni, ni 50. Kwenye barabara ya njia mbili isiyo na kizuizi katikati, ambako magari yanaweza kukutana uso kwa uso, ni 70. Penye ukuta au vyuma katikati, na hapavuki mtu, 100 au zaidi inaweza kubaki.

Sehemu kubwa ya barabara zetu kuu iko kwenye kundi la tatu: lami nyembamba, mstari wa rangi katikati, na lori linalokuja. Hapo hata 80 kwa magari yote, ingawa iko juu ya 70, ingekuwa hatua ya busara. Upana wa barabara nao usitudanganye. Kimara hadi Kibaha ina njia nane, lakini pembeni yake wanaishi watu, nao wanavuka.

Kuna hoja ya kupinga inayostahili jibu. Dereva atasema: nikibanwa kwenye 80, nitalipitaje lori linalokwenda 60? Ni kweli, itamchukua sekunde 11 hivi, na kama mbele linakuja gari kwa 80, anahitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi. Dawa yake ni kuongeza njia ya tatu kwenye milima na sehemu maalumu za kupishana. Kama nafasi hiyo haipo, kulipita lori ni kubahatisha kwa mwendo wowote.

Kibao peke yake hakitoshi

Ufaransa ilishusha kikomo kutoka 90 hadi 80 tarehe 1 Julai 2018, kwenye barabara za njia mbili zisizo na kizuizi katikati. Tathmini rasmi ilikadiria kuwa zaidi ya watu 300 waliokolewa katika mwaka mmoja na nusu hivi, na safari zikaongezeka kwa sekunde moja tu kwa kila kilomita. Hata hivyo hasira za vijijini zilikuwa kubwa, na baadaye serikali za majimbo ziliruhusiwa kurudisha 90 katika baadhi ya barabara.

Funzo kwetu ni kwamba watu hutii kikomo wanachokielewa. Kibao cha 50 kikianza kijijini na kisionyeshwe mwisho wake, au askari akijificha na tochi ya kupima mwendo mahali pasipo na nyumba, dereva hujifunza kukwepa tochi na kupiga taa kuwatahadharisha wenzake. Mwendo wenyewe haubadiliki.

Unachoweza kufanya

*Dereva:* weka sekunde tatu kati yako na gari la mbele. Hesabu tangu linapopita nguzo hadi wewe uifikie. Usiku au kwenye mvua, ongeza.

*Abiria:* mabasi ya mikoani hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Ukiona dereva anazidisha, chukua namba ya basi, mahali na saa, kisha toa taarifa LATRA au kwa trafiki. Kwa dharura piga 112.

*Wanakijiji:* pitisheni ombi la kibao, kivuko au matuta katika mkutano wa kijiji, muandike muhtasari, kisha mpeleke barua panapohusika. Barabara kuu na za mkoa ni za Wakala wa Barabara (TANROADS). Za wilaya, mitaa na vijiji ni za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Eleza shule au zahanati iko upande gani, watoto huvuka saa ngapi, na ajali zilitokea wapi. Barua yenye maelezo hayo humpa mhandisi sababu ya kuja kupima.