Somo la Mwezi: Kipindi cha Dini Shuleni ni cha Nani?

Fungu la kusoma: Mathayo 22:15–22



Mara nyingi tunasikia mzazi akiuliza, "Kama Serikali haina dini, mbona shuleni kuna kipindi cha dini?" Mwingine husema, "Mtoto wangu anafundishwa dini shuleni, yatosha." Tuyapime maneno haya mawili.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni shule nyingi za Tanganyika zilikuwa za misheni, na nyingi zilipata ruzuku ya serikali. Minaki, kwa mfano, ilikuwa ya UMCA. Kodi ilitoka kwa watu wote, lakini wazazi wengi Waislamu walisita kupeleka watoto wao, wakiogopa wasije wakabadilishwa dini. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 Serikali ilizichukua shule hizo ziwe za watoto wote. Minaki ni shule ya Serikali hadi leo.

Je, Mungu alifukuzwa shuleni? Hapana. Katiba ya 1977, ibara ya 19, inaiacha dini iwe hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo shule hutoa nafasi katika ratiba, na kila dini hutafuta mwalimu wake. Watoto hugawanyika, Wakristo huku, Waislamu kule, kisha hurudi kwenye dawati moja kujifunza hesabu. Hiyo ni haki. Tusingependa mtoto wetu alazimishwe. Basi na sisi tusimlazimishe wa jirani.

Bwana wetu alipoonyeshwa dinari aliuliza sanamu ni ya nani. Sarafu ina sura ya Kaisari. Mtoto ana sura ya Mungu. Serikali yaweza kumfundisha kusoma na kuandika. Kumfundisha kusali si kazi yake, wala tusiitwishe mzigo huo. Kipindi kikipita bila mwalimu, wa kuulizwa si mwalimu mkuu, bali parishi. Na hata mwalimu akiwapo, kipindi kimoja hakiwezi kushika mahali pa sala ya jioni nyumbani.

Maswali ya kuzungumza

1. Shule iliyo karibu nasi ina kipindi cha dini siku gani, na nani anafundisha?
2. Nani kati yetu, katekista, mzee wa kanisa au mama wa Umoja wa Mama, aweza kwenda?
3. Tumfundisheje mtoto aishike imani yake bila kumdharau mwenzake wa dini nyingine? (Someni 1 Petro 3:15–16.)