Mwenye Kuomba Amani

Ndugu zetu watu wa pwani wakaao Thika na Ruiru wameuliza: Je, yafaa serikali kumpeleka mkimbizi nchi nyingine asiyoichagua?

Jawabu: Asili ya jambo hili imo katika Sura ya Tawba, aya ya 6. Hata mshirikina akiomba amani na apewe, kisha afikishwe mahali pake pa salama. Na Najashi wa Uhabeshi, Maquraishi walipomtuma Amr bin Al-As na zawadi ili awatoe Waislamu, alikataa mpaka amsikie Jaafar bin Abi Talib. Alipomsikia, akazirudisha zawadi. Serikali ina haki ya kuchunguza na kumrejesha mwongo, lakini baada ya kumsikiliza.

Uingereza ilifanya kinyume. Kwa mkataba wa Aprili 2022 ilitaka kuwapeleka waombao hifadhi Rwanda kabla ya kuwasikiliza, ikatoa pauni milioni 290. Mahakama ya Juu ikaukataa mpango huo 15 Novemba 2023, kwani ilihofiwa watarudishwa kulekule walikokimbia. Mwaka 2024 serikali mpya ikauvunja. Waliokwenda ni wanne tu, kwa hiari yao.

Wala tusiwacheke Waingereza. Desemba 2012 serikali yetu iliamrisha wakimbizi wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma, hata wenye maduka na wenye watoto shuleni. Mahakama Kuu ya Nairobi ikaitangua amri hiyo 26 Julai 2013. Na wako Waislamu watamanio irudi, wakidai kodi za nyumba zitashuka! Mwenye nyumba wa Ruiru humpandishia kodi mpangaji yeyote, awe mkimbizi au mtu wa Lamu.